Gurudumu la mbele limevunjika, mwanangu atafungwa?

Dada, pole, na tushukuru kijana ametoka mzima. Umesema ndege ndogo ya Cessna 172 aliyokuwa akijifunzia urubani ilidunda mara tatu wakati wa kutua, gurudumu la mbele likakatika na propela ikala lami. Sasa wachunguzi wamemwita, nawe hulali.

Uchunguzi huo hauendeshwi kama kesi. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema wazi kuwa lengo ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Hapa Tanzania wachunguzi wako chini ya wizara inayohusika na uchukuzi. Leseni za marubani zinasimamiwa na TCAA, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Hizo ni ofisi mbili.

Kwa hiyo aseme alichokifanya, hata kama kinamwaibisha. Leo hii, kabla hajapiga soga na wenzake, aandike mwenyewe: mwendo alioona kwenye kipimo, upepo, flapu (vile vibao vya nyuma ya mabawa) alizishusha kiasi gani, na mikono yake ilifanya nini baada ya mdundo wa kwanza. Hapo ndipo penye kiini. Wanafunzi wengi huja na mwendo uliozidi, ndege inadunda, wao wanasukuma usukani mbele kuilazimisha ishuke. Gurudumu la mbele, ambalo ni dhaifu kuliko yale ya nyuma, ndilo linalopokea kishindo. Dawa ni kuongeza nguvu na kupaa tena. (Mimi mwenyewe nilishawahi kuchelewa kufanya hivyo, nikapona kwa bahati tu.)

Asifute picha wala ujumbe wowote. Kitabu chake cha saa za kuruka akipeleke kama kilivyo.