Bando la GB 2 limeisha kwa dakika 40: nimekosea wapi kuunganisha simu na kompyuta?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nimepanga chumba nje ya chuo hapa Iringa. Nina kompyuta mpakato yenye Windows 10 na simu ya Android. Wiki iliyopita nilinunua bando la GB 2 ili nimtumie msimamizi wangu sura ya pili ya utafiti. Nikawasha hotspoti ya simu, nikaunganisha kompyuta, nikafungua Word na barua pepe basi. Baada ya dakika 40 ikaingia meseji kwamba bando limekwisha. Nikitumia simu peke yake, GB 2 hunifikisha siku nne. Je, hotspoti inakula data kuliko simu yenyewe? Au kuna jirani kaingia kwenye hotspoti yangu? Mwenzangu ananiambia nitumie waya, eti hapo data haiishi haraka. Halafu siku nyingine kompyuta haiioni kabisa hotspoti yangu, ingawa ya mwenzangu inaiona. Nimekutumia picha ya ukurasa wa matumizi ya data kwenye kompyuta.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Swali hili naletewa mezani karibu kila wiki, na wengi wanaoleta ni wanafunzi, watu ambao GB 2 kwao ni hela ya kula. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Umefanya jambo la maana kutuma ile picha, maana wengi hunitumia malalamiko bila ushahidi. Nasoma hapa: System GB 1.4, OneDrive MB 390, Chrome MB 160, kisha vitu vidogo vidogo. Ile MB 160 ya Chrome ndiyo wewe, na barua pepe yako na faili lako. Hayo mengine yote ni kompyuta ikijifanyia shughuli zake nyuma ya mgongo wako. System ni Windows yenyewe, na ukiiona imefikia ukubwa huo kwa muda mfupi, karibu kila mara ni masasisho yaliyokuwa yakisubiri intaneti. OneDrive ilikuwa ikipandisha mafaili yako kwenye hifadhi ya Microsoft, bila shaka pamoja na picha na vitini ulivyoweka juu ya Desktop.

Tupige hesabu kidogo, kwa sababu hesabu ndiyo inayoondoa hofu ya wizi. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde (megabiti 8 ndizo MB 1) ikienda saa nzima bila kupumzika hushusha MB 450. GB 2 kwa dakika 40 ni wastani wa chini ya megabiti 7 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kawaida kabisa ya 4G. Simu yako haikupitisha kitu cha ajabu, ila mlango ulikuwa wazi na kompyuta ikapakia shehena iliyokuwa inasubiri.

Kuhusu jirani, kuna njia ya kumpima. Simu ya Android ina ukurasa wake wa matumizi ya data ndani ya Mipangilio, na kwenye orodha ya programu kuna mstari mmoja wa hotspoti, unaojumlisha kila kilichopita kwenda kwenye vifaa vingine. Linganisha mstari huo na jumla inayoonyeshwa na kompyuta kwa muda ule ule. Vikikaribiana, aliyekula ni kompyuta yako. Simu ikionyesha GB 2 na kompyuta ikaonyesha MB 600, hapo kuna kifaa kingine kilichokuwa kimeungana, maana data ya jirani haipiti kwenye kompyuta yako hata kidogo. Kwenye picha yako jumla inakaribia GB 2 yote, kwa hiyo jirani yako hana kosa. Hata hivyo badilisha nenosiri la hotspoti kama ni tarakimu nane za namba yako ya simu au 12345678.

Sasa kwa nini simu peke yake inatosha siku nne? Simu inajua inapotumia data ya laini, na ikijua hivyo hujizuia: programu hazijisasishi ovyo, picha hazipandi, inasubiri Wi-Fi. Ukiwasha hotspoti, simu yako ndiyo inageuka kuwa Wi-Fi. Kompyuta ikiona Wi-Fi, inadhani umekaa ofisini kwenye intaneti ya malipo ya mwezi. Ni kama mpangaji aliyehamia chumba chenye LUKU yake, lakini bado anapika na jiko la umeme kana kwamba bili analipa mwenye nyumba. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana: MB 1 ya hotspoti ni MB 1 ile ile ya simu. Kinachobadilika ni tabia ya kifaa kinachoipokea.

Dawa ni kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu unapimwa, yaani kila MB inalipiwa. Kwenye Windows 10 fungua "Settings", ingia "Network & Internet", kisha "Wi-Fi", bofya jina la hotspoti yako ukiwa umeungana nayo, uteremke mpaka uone "Set as metered connection", uwashe. Kwenye Windows 11 njia ni hiyo hiyo, ndani ya sifa za mtandao, ila kimeandikwa "Metered connection". Kuanzia hapo Windows huacha kushusha masasisho mengi yenyewe, na OneDrive husimama ikakuonyesha alama ya kusitishwa. Ukiwa bado kwenye "Settings", nenda kwenye masasisho, utafute "Delivery Optimization", uzime kile kinachoruhusu kupokea na kugawa masasisho kwa kompyuta nyingine. Sipendi kabisa kitu hicho kikae wazi kwenye kompyuta ya mtu anayenunua bando kwa siku.

Zingatia jambo moja: mpangilio huo unashikamana na jina la mtandao. Ukibadilisha jina la hotspoti, au ukiazima ya mwenzako, Windows inaona mtandao mpya na inarudi kwenye tabia ya zamani. Hapo watu wengi wananiambia "niliweka lakini haikusaidia".

Na usitegemee kwamba kila programu itatii. Google Drive ya kwenye kompyuta uisimamishe kwa mkono. Video ndani ya kivinjari haijali chochote, na hapo kioo kikubwa kinakuponza, kwa sababu mchezaji wa video akiachiwa achague mwenyewe, kwenye kompyuta huchagua ubora wa juu kuliko angechagua kwenye simu. Netflix wenyewe wanasema ubora wa HD unaweza kufika GB 3 kwa saa, na ubora wa kawaida karibu GB 1. Mihadhara ya YouTube iweke kwa mkono kwenye ubora wa chini wa 360p. Maandishi ya mwalimu ubaoni yanasomeka, na sauti inabaki vizuri.

Tuje kwenye waya. Mwenzako amekosea kuhusu data, lakini ushauri wake wenyewe ni mzuri, na mimi mwenyewe natumia waya ninapokuwa mezani. Waya haupunguzi data hata MB moja. Unachokupa ni utulivu: hauingiliwi na Wi-Fi za vyumba vya jirani, hakuna anayeweza kuingia, na simu inachaji huku ikifanya kazi badala ya kufa saa moja kabla ya kutuma kazi. Umeme ukikatika, kumbuka tu kwamba sasa betri ya kompyuta inalisha vifaa viwili.

Namna yake: chomeka simu kwenye kompyuta kwanza, kisha kwenye Mipangilio ya simu fungua sehemu ya hotspoti, uwashe "USB tethering". Usipochomeka kwanza, kitufe hicho huwa kimefifia na hakibonyezeki. Windows itaiona simu kama waya wa mtandao wa ofisini, kwa hiyo utaikuta kwenye "Ethernet". Na hapa ndipo penye mtego uliomkamata mwenzako pia, nadhani: ile alama ya kupimwa uliyoweka kwenye Wi-Fi haihusiki na waya. Ingia "Ethernet", bofya mtandao huo, uwashe tena "Set as metered connection". Simu nyingine hujitambulisha upya kila zinapochomekwa, utaona majina "Network 2", "Network 3", na kila jina jipya linataka kuwekewa alama upya. Kama simu yako ni ya namna hiyo, basi kwa bando dogo bora ubaki na Wi-Fi iliyokwisha kuwekewa alama.

Ukichomeka na simu ikachaji tu, kompyuta isitoe hata mlio, usikimbilie kuilaumu simu. Nina waya mmoja mezani niliouchuna ganda ili niwaonyeshe wateja. Waya kamili wa USB wa kawaida una nyuzi nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Huu wangu una nyekundu na nyeusi tu, nyembamba kama uzi wa kushonea, na mahali pa zile mbili hakuna kitu. Kwa nje unafanana kabisa na ule mzima. Waya wa namna hiyo utachaji simu mpaka asubuhi, lakini hautapitisha hata herufi moja. Ukienda kununua, mwambie muuzaji unataka wa data, na uujaribu pale pale dukani kwa kuhamisha picha moja.

Wanaotumia iPhone na Windows, waya kwao hautoshi. Kompyuta inahitaji kiendeshi (driver) cha Apple, yaani programu ya kuitambua simu, ambacho huja na iTunes au programu ya Apple Devices.

Tatizo lako la kompyuta kutoiona hotspoti yako huku ikiona ya mwenzako linanifanya nishuku masafa. Hotspoti hurusha kwenye GHz 2.4 au GHz 5. Ile ya 5 ni ya kasi zaidi lakini haifiki mbali, na kompyuta nyingi za zamani hazina kabisa kipokezi chake. Kuhakikisha, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri za Windows, uandike netsh wlan show drivers, ubonyeze Enter, utafute mstari wa "Radio types supported". Ukikuta 802.11b, 802.11g na 802.11n pekee, bila 802.11a wala 802.11ac, kompyuta yako ni ya GHz 2.4. Nenda kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, kwenye bendi, uchague GHz 2.4, nayo itatokea kwenye orodha. Mambo mengine mawili ya kuangalia: simu nyingi huzima hotspoti zenyewe kama hakuna kilichoungana kwa dakika kadhaa, na Kiokoa Data (Data Saver) kikiwa kimewashwa, Android haikuruhusu kuwasha hotspoti. Kizime kwanza.

Kama hotspoti inaonekana na imeungana lakini kurasa hazifunguki, angalia aina ya bando. Bando la mitandao ya kijamii pekee linaweza kufungua WhatsApp kwenye simu na bado likaiacha kompyuta ikizunguka bure, kwa kuwa kompyuta inatafuta kurasa ambazo bando hilo halizihusu.

Kitu kimoja zaidi ambacho ningependa ukifanye leo hii: weka kikomo kwenye simu. Katika matumizi ya data, Android hukuruhusu kuweka kikomo, na kikifikiwa simu inajikatia data yenyewe. Windows nayo ina sehemu ya kuweka kikomo, lakini ile huishia kukuonya tu. Ukinunua GB 2, angalia simu imeshatumia kiasi gani katika mzunguko huo, ujumlishe GB 1 juu yake, uweke hapo. Hata ukisahau kila nilichokuambia, nusu ya bando itakuwa salama ya kumtumia msimamizi wako kazi.

Sasa usije ukaelewa kwamba masasisho ni adui, ukayafunga moja kwa moja kama wanavyofundishana vijana kwenye hosteli. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, hadi hospitali za umma za Uingereza zikaahirisha matibabu ya wagonjwa, na kiraka cha kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia, Microsoft walikuwa wamekitoa Machi mwaka huo huo. Kwa kompyuta nyingi zilizopigwa, kazi ilikuwa kusasisha tu. Utafiti wako wote umo ndani ya hiyo mashine, kwa hiyo mara moja kwa mwezi ibebe mpaka maktaba ya chuo, uunganishe Wi-Fi ya pale, uiache ishushe inachotaka huku wewe ukisoma. Na kwa kuwa ni Windows 10, jua kwamba Microsoft walimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kompyuta yako inakubali Windows 11, hamia kwa intaneti ya chuo, kamwe si kwa bando, maana faili lake peke yake ni GB kadhaa.

Mwisho ni chumba chako chenyewe. Kama simu inashika 4G vizuri dirishani tu, iache dirishani na utumie Wi-Fi. Meza ikiwa hapo hapo dirishani, tumia waya. Usiifunike kwa mto wala kuiweka juu ya godoro ikiwa inarusha hotspoti na kuchaji kwa pamoja, maana joto hilo ndilo linalovimbisha betri.

Weka hayo leo, ufanye kazi zako siku tatu kama kawaida, kisha ufungue tena ukurasa ule ule ulionipigia picha. Mstari wa System ukiwa bado ndio mrefu kuliko wa Chrome, nitumie picha nyingine pamoja na ile ya ukurasa wa hotspoti kwenye simu, tuangalie pamoja.