Swali la lugha: lori "lilibeba" kifaru au "lilikokota"?

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro anayetafsiri makala ya historia kuhusu malori mazito ya kijeshi ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Anaandika: "Shikamoo mwalimu. Nimeandika kwamba lori la Diamond T lilibeba vifaru jangwani. Mwenzangu anayenihariri amefuta 'lilibeba' akaweka 'lilikokota'. Nilipoandika 'vifaru vilipandishwa', yeye akaweka 'vifaru walipandishwa', kwa hoja kwamba kifaru ni mnyama. Nani yuko sahihi? Na gari lenyewe tuliiteje?"

Marahaba. Katika la kwanza mhariri wako yuko sahihi, ingawa si kwa kila lori utakalokutana nalo katika makala hiyo. Katika la pili uliye sahihi ni wewe. La tatu linataka maelezo marefu kidogo.

Tuanze na kitenzi. Kubeba ni kuuchukua uzito wa kitu mwilini mwako. Mama hubeba mtoto, punda hubeba gunia, lori hubeba mchanga kwenye bodi lake. Anayebeba ndiye anayelemewa. Kukokota ni kuvuta kitu kinachokuja nyuma yako huku uzito wake ukiwa umelala ardhini au juu ya magurudumu yake chenyewe, na kutokana na kitenzi hicho tumepata mkokoteni. Kwa hiyo huwezi kuchagua kati ya vitenzi hivi viwili kabla hujajua gari liliundwaje. Mfasiri wa mambo ya magari analazimika kuchungulia chini ya gari kwanza, kisha ndipo ashike kalamu.

Sasa tulichungulie hilo la Diamond T. Waingereza waliliagiza kutoka Marekani, na kiwanda cha Chicago kikaanza kulitoa mwaka 1941. Namba yake ni 980, na ndugu yake ni 981. Lilikuwa na injini ya dizeli ya Hercules ya lita 14.7 yenye nguvu za farasi zipatazo 200, na mwendo wake wa juu kabisa haukufika kilomita 40 kwa saa. Nyuma ya chumba cha dereva palikuwa na winchi, yaani mashine ya kuvutia mizigo kwa kamba ya chuma, na nyuma ya winchi bodi fupi ya chuma. Bodi hiyo haikuwa ya kifaru. Ilijazwa vitu vizito makusudi ili matairi ya nyuma yakandamizwe na kushika ardhi, maana gari jepesi linalovuta mzigo mzito huishia kuzungusha magurudumu bure. Kifaru kilikaa juu ya tela, ambalo Wamarekani waliliita M9. Lilikuwa tela kamili, lenye magurudumu mbele na nyuma, jumla ya matairi 24, na liliunganishwa na lori kwa mkono wa chuma tu. Hata ratili moja ya kifaru haikukaa mgongoni mwa lori.

Ndiyo maana "Diamond T lilibeba vifaru" haisemi kilichotokea. Aliyebeba ni tela, aliyekokota ni lori. Kiswahili kinaweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja: Diamond T lilikokota tela lililobeba kifaru.

Lakini mhariri wako asifurahi mapema. Ukurasa wa pili tu wa makala kama hiyo utakukutanisha na Scammell Pioneer, lori la Waingereza lililoundwa Watford. Umbo lake la kwanza ni la mwaka 1927, lilipotengenezwa kwa ajili ya kazi za njia mbovu, na vita vilipokuja likawekewa tela la kubebea vifaru, kwanza la tani 20, baadaye la tani 30. Injini yake ya Gardner ilikuwa na nguvu za farasi 102 tu. Nusu ya Diamond T, na bado ilifanya kazi! Tofauti inayotuhusu sisi watu wa lugha iko kwenye tela. Hili ni lile ambalo madereva wetu huliita semi-trela: mbele halina magurudumu, shingo yake imelala juu ya mgongo wa lori. Kifaru kikipanda, sehemu ya uzito wake inazikandamiza ekseli za lori lenyewe. Hapo lori limebeba kweli, na ukiandika "Scammell lilibeba kifaru" sitakusahihisha.

Hali ni hiyo hiyo kwa M26 la Wamarekani, lililobuniwa na kampuni ya Knuckey ya San Francisco na kuundwa na Pacific Car and Foundry kuanzia 1943. Injini yake ya petroli ya Hall-Scott ilikuwa na nguvu za farasi 240, nalo lilivuta semi-trela ya M15. Katika nusu hii ya makala utahitaji neno "kichwa". Barabarani kwetu, sehemu ya mbele yenye injini huitwa kichwa cha lori, nayo hutengana na tela. Neno hilo ni zuri, linaeleweka na kila mtu kuanzia bandarini hadi Tunduma, na sioni sababu ya kulikwepa kwenye maandishi ya historia. Andika: kichwa cha M26 kilikingwa kwa mabamba ya chuma, na watu saba walikaa ndani yake. Toleo la baadaye, M26A1, liliachana na mabamba hayo. Ila usiliite gari la deraya. Deraya tumeizoea kwa magari yanayoingia vitani kupigana, na msomaji atatafuta mzinga asiuone.

Malori haya yalikuwa na kazi nyingine, na kwa kazi hiyo kubeba na kukokota havitoshi. Kifaru kilichopasuka mnyororo au kuzama matopeni hakiwezi kupanda tela chenyewe. Kwanza kinanasuliwa. Kunasua ni kukitoa kitu mahali kiliponasa, na sijui kwa nini wafasiri wengi hukimbilia "kuokoa", kana kwamba kifaru kilikuwa kinazama baharini na roho yake. Baada ya kunasuliwa, kama hakina magurudumu yanayozunguka, kinaburuzwa, yaani kinavutwa kikisugua ardhi. Wajerumani walikuwa na gari la Famo, Sd.Kfz. 9, lenye matairi mbele na minyororo nyuma, na injini ya Maybach ya silinda 12. Kifaru cha Tiger kilikuwa na uzito wa tani 57 hivi, na gari moja la Famo halikukiweza. Yalifungwa mawili au matatu, moja mbele ya jingine, ndipo kikasogea. Hapo "kukokota" ni pole mno. Kuburuza ndiko.

Kisha kikavutwa kwa winchi hadi juu ya tela. Winchi ya Diamond T 980 ilikuwa na kamba ya chuma ya mita 90 hivi, ya 981 mita 150 hivi. Kifaru kizima, kwa upande mwingine, kilipanda chenyewe. Kwa hiyo andika "kilipanda" kwa kilicho kizima na "kilipandishwa" kwa kilichoharibika. Herufi chache tu zinampa msomaji habari kamili juu ya hali ya mashine.

Kuna kitenzi kingine ambacho tafsiri za vita hukisahau, na kinanisikitisha kukiona kinapotea: kusomba. Kusomba ni kuhamisha vitu kwa safari za kwenda na kurudi, mzigo baada ya mzigo, hadi viishe. Mwaka 1944, majeshi ya Washirika, yaani Wamarekani, Waingereza na wenzao, yalipokimbia mbele Ufaransa na kuacha maghala yao pwani, Wamarekani walianzisha msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express. Ulianza tarehe 25 Agosti ukaisha tarehe 16 Novemba. Malori yapatayo 6,000 yalikwenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, usiku na mchana, na katika kilele chake yalifikisha tani 12,500 kwa siku moja. Madereva watatu kati ya kila wanne walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi ambalo wakati huo liliwatenga. Ukisema malori hayo "yalisafirisha" shehena hujakosea. Ukisema "yalisomba", msomaji anaiona barabara.

Kuhusu kuchukua, niseme haraka. Katika Kiswahili cha pwani kuchukua ni kubeba, ndiyo asili ya uchukuzi na mchukuzi. Katika vita ya kwanza, ile ya 1914 hadi 1918, mizigo ya majeshi katika nchi yetu ilipita juu ya vichwa na mabega ya watu, maelfu kwa maelfu, na wengi hawakurudi makwao. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wachukuzi hao. Ukiandika "mchukuzi" katika makala ya kijeshi, fahamu kwamba kwa msomaji wa Afrika Mashariki neno hilo ni mtu. Usilivishe gari.

Sasa jina la gari. Umeandika "lori linalobeba vifaru". Hilo linaeleza lori ambalo sasa hivi lina vifaru juu yake, au ambalo huwa linavibeba. Unachotaka ni lori lililoundwa kwa kazi hiyo, hata likiwa tupu gereji. Kauli ya kutendea ipo kwa ajili hii: kisu cha kukatia mkate, maji ya kunawia, lori la kubebea vifaru. Kwa Scammell na M26 jina hilo linakaa sawasawa. Kwa Diamond T ligawe: tela la kubebea vifaru na lori la kukokotea. "Lori la vifaru" ni fupi lakini halifai, maana msomaji anayeishi karibu na mbuga atafikiria wanyama wanaohamishwa.

Na hapo tumefika kwa hao wanyama. Mhariri wako anasema kifaru ni mnyama, hivyo "vifaru walipandishwa". Kanuni anayoikumbuka ni ya kweli: viumbe hai huchukua upatanisho wa a-/wa- hata jina likianza na ki-. Lakini upatanisho huo unafuata maana, na mashine haina uhai. Kifaru wa Ngorongoro amelala. Kifaru cha Waingereza kimekwama. Kifaru mkubwa ana pembe. Kifaru kikubwa kina mzinga. Tumeshazoea jambo hili kwa ndege: ndege yule ametua mtini, ndege ile imetua uwanjani. Vifaru vya kijeshi basi vilipandishwa, kama ulivyoandika. Na jina la aina likisimama peke yake, lifuate hilo hilo: Tiger kilikwama. Usithubutu kulifasiri Tiger likawa chui milia. Utakuwa na wanyama wawili katika sentensi moja na gari hakuna.

Angalia pia minyororo na cheni. Vifaru hutembea juu ya minyororo, ile mikanda mipana ya chuma. Kichwa cha M26 kilitembea juu ya matairi, lakini magurudumu yake ya nyuma yalizungushwa kwa cheni, kama baiskeli. Ukiandika "minyororo" kote, msomaji atadhani lori hilo ni katapila. Minyororo iwe ya vifaru, cheni iwe ya M26.

Jambo la mwisho hukuliuliza, ila limo katika rasimu uliyoniletea: tani. Kwetu "lori la tani saba" ni lori linalobeba tani saba, na "lori lenye uzito wa tani saba" ni jambo jingine kabisa. Ulipofika kwenye GMC, lori lililofanya kazi kubwa katika Red Ball Express, umeandika "lenye uzito wa tani mbili na nusu". Hizo tani mbili na nusu ni mzigo lililopangiwa kubeba kwenye njia mbovu. Andika "lori la tani mbili na nusu", basi. Tena tani zenyewe hazilingani. Ya Waingereza ina kilo 1,016, ya Wamarekani kilo 907. Tela la M9 la tani 45 za Kimarekani lilistahimili kilo 40,800 hivi. Wewe umeandika kilo 45,000, na hapo umeliongezea zaidi ya kilo 4,000 ambazo mhandisi wake hakuziruhusu.

Sentensi yako naipendekeza hivi: "Jangwani, ambako safari ndefu zilikula minyororo na injini za vifaru, malori ya Diamond T yalikokota matela yaliyobeba vifaru hadi karibu na mapigano, vilivyoharibika vilinasuliwa, vikapandishwa kwa winchi na kurudishwa karakana." Ukifika kwa Scammell, badilisha kitenzi.