Kuchu na Mswahili ndani ya Louisville: kabla ya baa, mjue mkalimani wako

Watu wakinitafuta inboksi baada ya kufika Louisville swali ni lile lile, eti baa za makuchu wenzetu, yaani mashoga, wasagaji na transi (waliobadili jinsia), ziko wapi. Ziko, nyingi ziko Bardstown Road kule Highlands, utaziona zenyewe kwa bendera. Mimi nataka tuongelee kitu kinachowatesa watu wetu hapa Kentucky kuliko kukosa pa kucheza, nacho ni mkalimani.

Louisville ina watu laki sita na kitu, lakini Louisville ya Waswahili ni kijiji. Wakongo, Warundi, wengi tumetokea Nyarugusu na kambi zingine, tunasali pamoja, tunanunua dagaa na fumbwa duka moja, usiku tunakutana kazini weahausi, kwenye maghala. Sasa umeenda kliniki kupima HIV, mlango unafunguliwa anaingia mkalimani, kumbe ni mama mmoja wa kwaya. Mimi yamenikuta, nikasema nimekuja kwa ajili ya mgongo, nikaondoka na vidonge vya maumivu 😂. Nacheka leo, ila nawajua watu ambao tangu siku kama hiyo hawajarudi hospitali kabisa.

Basi sikiliza. Kliniki au hospitali inayopokea hela za serikali kuu inatakiwa ikupe mkalimani bure, na una haki ya kusema huyu simtaki. Wakati wa kuchukua miadi waambie unataka mkalimani wa simu, asiwe wa hapa mjini. Wale wa simu wanaweza kuwa jimbo lolote, wanajitambulisha kwa namba tu, na nesi ukimwomba asitaje jina lako mbele yake hatataja. Taja pia Kiswahili chako ni cha wapi, maana Mkongo kuletewa mtu wa Mombasa kwenye mambo ya mwili mnaweza mkapishana vibaya. Na usikubali mtoto wako au mdogo wako akutafsirie, hata kama anajua kiingereza kama maji. Kingine, daktari akiuliza swali refu na wewe ukasikia maneno matatu ujue mkalimani anaona aibu anakata, hapo omba mwingine, wala si ukorofi.

Ukishapata faragha hiyo mengine yanafunguka. PrEP, yaani dawa ya kujikinga usiambukizwe HIV, ipo ya kidonge cha kila siku, ipo sindano ya kila miezi miwili, na tangu 2025 Marekani imeruhusu ya kila miezi sita, hiyo kwa mtu anayeishi nyumba ya watu wanane ambapo kila chupa ya dawa inasomwa ni mkombozi, kaulizie. Kwa wenye virusi kuna 550 Clinic ya Chuo Kikuu cha Louisville, na ukinywa dawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo humwambukizi mpenzi wako kwa ngono, hilo limethibitishwa kitambo ila kanisani kwetu bado ni habari mpya.

Kuhusu kazi na nyumba, wengi hawajui kwamba mji huu unakulinda. Kentucky kama jimbo haina sheria ya kutulinda mpaka leo, lakini Louisville ilipitisha yake mwaka 1999, inaitwa Fairness, mwenye nyumba hawezi kukufukuza kisa wewe ni shoga, msagaji au transi, bosi vilevile. Waliopigania ni shirika la Fairness Campaign, wapo tangu 1991 na bado wanazunguka miji midogo, hata Vicco, kamji ka migodi ya makaa ya mawe kenye watu mia tatu na kitu, kakapitisha 2013! Likikukuta malalamiko yanapelekwa kwenye tume ya mji inayoitwa Human Relations Commission, na usikae nalo miezi, kuna muda wa mwisho. Angalia tu ukivuka mpaka wa county (kama wilaya), kuna sehemu sheria hiyo haikufuati.

Na mtu akikwambia haya mambo yameletwa juzi na TV, mwambie mwaka 1970 wanawake wawili wa hapa hapa Louisville, Marjorie Jones na Tracy Knight, walienda kuomba cheti cha ndoa, wakanyimwa, wakashtaki, 1973 wakashindwa. Kesi ya 2015 iliyofungua ndoa Marekani nzima ilikuwa na watu wa Louisville ndani yake pia. Huo ndo mji uliofikia ndugu yangu.

Vijana wana Louisville Youth Group. Wa miaka 18 mpaka 24 waliofukuzwa nyumbani wawatafute Sweet Evening Breeze, jina wamelitoa kwa mtu mweusi wa Lexington aliyekuwa akivaa kike na kutembea mjini kichwa juu enzi za ubaguzi. Wazazi, na mpo nawajua, nyinyi mna PFLAG, shirika la wazazi na familia za watu kama sisi. Mwenye mtoto transi ajue tu kwamba tangu 2023 jimbo limekataza dawa za kubadili jinsia kwa walio chini ya miaka 18, msidanganyane huko wasap.

Pride, sherehe yetu ya mtaani, ya Juni iko kule mtoni, ya Septemba wanafunga Bardstown Road. Mimi napenda ya Septemba, hakuna joto la kuua na watu wanakuja na watoto na mbwa. Picha lakini! Ukisimama katikati ya barabara kuna simu elfu, na picha ya Jumamosi mchana inaweza kufika Kigoma kwa shangazi kabla ya usiku. Mimi navaa miwani na kofia ya Derby, yale mashindano ya farasi ya hapa, atakayenitambua basi naye alikuwepo.

Mwisho, mliokuja kwa viza mkaogopa kurudi, Tanzania ngono ya mwanaume kwa mwanaume ni kifungo cha miaka 30 mpaka maisha na Uganda mnaijua. Fomu ya asailamu, yaani kuomba hifadhi, ni I-589, unaipeleka ndani ya mwaka mmoja tangu uingie, ukipitiliza inakuwa vita nyingine. Kentucky Refugee Ministries wana kitengo cha sheria, anzia hapo, na huko pia mkalimani awe wa simu.