Hasi saba iliyoniaibisha

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, kinyume cha kujumlisha cha −7 ni nini, na kinanisaidia nini maishani?" Nikacheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo, yaani namba ipi ukiijumlisha na −7 unapata sifuri, liliwahi kuniaibisha mbele ya darasa zima.

Siku hiyo nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikajibu kwa kujiamini: hasi saba! Nilikuwa nimekariri kwamba kinyume cha namba ni kuibandika alama ya kutoa, na hii tayari ilikuwa nayo, nikaona kazi imekwisha. Mwalimu akalirudia jibu langu kwa kuniigiza sauti, darasa likaangua kicheko. Nimekosea wapi, hakusema. Na namba nimeshapatana nazo, lakini kicheko kile bado nakisikia.

Kilichonifumbua macho ni deni. Mfukoni nilikuwa na noti tano, nadaiwa tatu, kwa hiyo za kwangu hasa zilikuwa mbili. Mdai akasema, "Nimekusamehe." Hakunipa hata noti moja, ila ghafla zote tano zikawa zangu. 2 − (−3) = 5! Kumbe kuondoa deni ni kuongeza mali. Mwanahisabati wa India, Brahmagupta, aliziita namba chanya mali na namba hasi madeni tangu mwaka 628, akaeleza kwamba mali na deni vikilingana, jumla yake ni sifuri. Ningeambiwa hilo tu darasani!

Basi, mdogo wangu, kinyume cha −7 ni 7, kwa sababu −7 + 7 = 0. Baridi ikiwa nyuzi 7 chini ya sifuri, joto lipande nyuzi 7. Ukienda hatua 7 mbele, rudi 7 nyuma. Utakuwa pale ulipoanzia, japo miguu imechoka (hisabati haihesabu uchovu). Usichanganye na 1/7, hicho ni kinyume cha kuzidisha cha 7, chenyewe hukupeleka kwenye 1: 7 × 1/7 = 1. Acheni kukariri alama, jamani! Jiulize: niongeze nini nirudi sifuri? Nanyi mnaofundisha, mtoto akikosea msimwigize.

Kijana akaandika tena: "Na sifuri je?" Nikamwambia asimame alipo, asipige hatua. Hazikupita dakika mbili akajibu: "Basi ni sifuri yenyewe." Mimi hilo lilinichukua miaka.