Maswali ya wasomaji: Mtoto akipiga mayowe usiku, tazama saa kwanza

*Mtoto wangu wa miaka miwili na nusu hulala saa tatu na nusu usiku. Ikikaribia saa tano anaketi ghafla, macho yako wazi, anapiga mayowe, jasho linamtoka, na ananisukuma kama hanijui. Nikimtikisa au kumnawisha maji baridi ndipo anazidi. Asubuhi hakumbuki chochote. Namwamsha saa kumi na moja na nusu kwa sababu ni lazima niwe sokoni Kibuye mapema, na kwa mama anayemlea mchana analala saa moja tu. Mama mkwe anasema ni jajuok, yaani mchawi wa usiku, anayepita nje. Nimechoka. — Mama, Manyatta, Kisumu*

Pole sana mama. Jibu limo ndani ya barua yako mwenyewe, na linaanzia kwenye saa. Kilio kinachokuja saa moja hadi tatu baada ya mtoto kulala, macho wazi lakini hakujui, na asubuhi hana habari, ni kuweweseka. Si ndoto. Wakati huo mtoto yuko katika usingizi mzito kabisa, ule wa mwanzo wa usiku. Sehemu ya ubongo inazinduka na kuuendesha mwili: moyo unakimbia, jasho linatoka, sauti inapanda. Sehemu inayotambua sura ya mama bado imelala. Ndiyo maana anakusukuma. Hajakukataa, hajakuona.

Kumtikisa na kumnawisha maji kunaharibu, kwa sababu unamtoa kwa nguvu mahali ambapo angetoka mwenyewe. Akizinduka hivyo anakuta watu wamemzunguka wakipiga kelele, na sasa anaogopa kweli. Kaa karibu naye usimshike kwa nguvu. Ondoa kinachoweza kumuumiza, punguza mwanga, na ukisema, sema kwa sauti ya chini neno lile lile: “Lala, mama yuko hapa.” Akikubali kuguswa, mguse mgongoni. Kwa kawaida huisha ndani ya dakika chache hadi kumi na tano, kisha anajilaza kana kwamba hakuna lililotokea. Asubuhi usimsimulie wala usimuulize aliona nini. Hakuona kitu, na maswali yako yatampa cha kuogopa.

Kwa kuwa wengi wetu tunaishi chumba kimoja, pangeni chumba kabla ya kulala. Godoro liwe chini au kitanda kiwe kifupi. Jiko, ndoo ya maji na kona ya meza ziwe mbali naye. Koroboi au mshumaa usiachwe ukiwaka. Taa ndogo ya sola inatosha. Chandarua kikunjiwe vizuri chini ya godoro ili asijifunge nacho akirusha miguu. Mlango ufungwe kwa komeo la juu, kwani wengine huinuka na kukimbia.

Sasa chanzo. Mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na wa mchana. Wako anapata saa nane za usiku na moja ya mchana, jumla tisa. Ana deni la saa mbili kila siku, na ubongo wenye deni huzama kwenye usingizi mzito kwa nguvu zaidi, hivyo kutoka kunakuwa kugumu. Saa ya kuamka huwezi kuibadilisha, soko halisubiri. Badilisha ya kulala: rudisha nyuma dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu, mpaka ufike saa moja na nusu au saa mbili kasorobo. Chakula kitangulie, aoge, akojoe mwisho kabisa, kisha alale. Mwombe mama wa kumlea amwache alale mchana mpaka aamke mwenyewe, mradi isivuke saa tisa alasiri. Kumnyima usingizi wa mchana “ili achoke alale fofofo” ndiko kunakoleta mayowe. Kosa hili tunaliona sana. Na kwa joto la Kisumu, shuka jepesi linamtosha, si blanketi.

Akishaishika saa hiyo mpya ya kulala kwa wiki mbili na bado anaweweseka, andika kwenye daftari kila usiku amelala saa ngapi na ameanza saa ngapi. Andika siku saba hadi kumi na nne. Ukiona anaanza karibu saa ile ile, mzindue kidogo dakika 15 hadi 30 kabla yake: mguse bega, mgeuze, mpaka anung'unike au afumbue macho, halafu mwache alale tena. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki mbili hadi nne. Wanaoshindwa hapa huwa wamechelewa, wakamkuta ameshaanza, au wameruka siku za wikendi, au mtoto analala saa tofauti kila siku hivyo hesabu haishiki. Kama saa zake hazina mpangilio, njia hii iache.

Kuhusu mama mkwe: usigombane naye. Kuweweseka hurithiwa, kwa hiyo muulize kwa upole kama baba mtoto alikuwa hivi udogoni. Mara nyingi nyanya ndiye anayekumbuka. Sala fupi ya jioni inamtuliza mtoto, iendelee. Kugonga masufuria gizani, kama watu wafanyavyo Nyawawa, mizimu ya ziwani, wakipita, kusifanywe karibu na mtoto aliyelala, maana kelele za ghafla zenyewe huchochea kuweweseka. Na majirani wa ploti waambie mapema, mchana, kwamba mtoto anaweweseka na haumizwi, wasije na tochi na maswali.

*Binti yetu wa miaka mitatu na nusu huamka saa kumi alfajiri akilia kwamba fisi yuko chini ya kitanda. Hakubali kurudi kulala. Nimekuwa nikichukua tochi na rungu nimtafute huyo fisi ili aone hayupo. — Baba, Kaptembwa, Nakuru*

Huyu, baba, ni tofauti kabisa, na saa inasema hivyo pia. Hilo ni jinamizi, yaani ndoto mbaya, nazo nyingi huja theluthi ya mwisho ya usiku. Ameamka kweli, anakujua, anakumbuka. Kwa hiyo tulichomwambia mama wa Manyatta asifanye, wewe fanya: mkumbatie, msikilize, mwambie ilikuwa ndoto na baba yuko. Dakika tano au kumi, kitandani kwake, taa hafifu. Usimwashie televisheni wala kumpa simu. Atajifunza kwamba ndoto huishia kwenye katuni.

Rungu liache. Tunaelewa nia yako ni njema, lakini baba akibeba silaha, mtoto anaelewa kwamba fisi yupo, leo tu hakupatikana. Mchana ndio wakati wa kumshughulikia huyo fisi: achore, mpeane jina la kuchekesha, kisha ndoto imaliziwe vingine. Labda fisi alikuwa na njaa akapewa ugali akaenda zake kulala. Mrudie hadithi hiyo mara kadhaa kwa siku nne au tano.

Tazama pia anachokiona na kusikia jioni. Katika nyumba ya chumba kimoja, taarifa ya habari yenye damu na vita mtoto anaitazama hata akiwa amewageuzia mgongo. Skrini zizimwe saa moja kabla ya kulala. Na yale maneno ya “nitakuitia polisi” au “daktari atakudunga sindano”, yaacheni kabisa. Mtoto wa umri huu hawezi kutofautisha tishio la utani na la kweli, na akilala yanamrudia.

*Mjukuu wangu wa miaka miwili hukakamaa usiku na kutetemeka mkono mmoja, mate yakimtoka. Ni jinamizi? — Nyanya, Kakamega*

Shikamoo, nyanya. Hapana, hayo si jinamizi, wala tusingependa usubiri. Kukakamaa, kutikisika kwa mdundo, mate, mdomo kuvutwa upande mmoja, tukio linalofanana kila mara na kurudi mara kadhaa usiku mmoja, hizo ni dalili za kifafa au degedege. Mtu arekodi video kwa simu, kwa maana daktari atapata mengi humo kuliko katika maelezo. Mpelekeni hospitali wiki hii.

Akiwa na joto, msingoje wiki: apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama alichanjwa na analala ndani ya chandarua. Likitokea tena, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na tazama saa. Likipita dakika tano, au asipozinduka baadaye, ni kukimbilia hospitali usiku huo huo.

*Je, naweza kumpa mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane dawa ya mafua kidogo ili alale bila kushtuka? — Dada, Bungoma*

Usimpe, dada. Dawa hizo za kusinzisha huvuruga usingizi, na zenyewe zinaweza kumfanya aweweseke. Zenye promethazini hazifai kabisa kwa aliye chini ya miaka miwili, kwani zinaweza kumzuia kupumua. Kama anakoroma kila usiku, analala kinywa wazi, au pumzi hukatika kisha anavuta kwa nguvu, mwambie daktari amtazame mafindofindo. Yakiwa makubwa humkatizia usingizi, na mtoto wa namna hiyo anaweza kuendelea kuweweseka mpaka yatibiwe.