Run kwa mwanafunzi Mchina: anza na dǎ

Mkuu, umeuliza uwaelezeje wanafunzi wako wa Kichina neno run, maana wakisoma "she runs a hotel" wanamwona mama anakimbia hotelini. Nafundisha Kiingereza wafanyabiashara wa Kichina hapa Dar, na swali hilo halikosekani kila darasa jipya.

Kamusi iache kwanza. Wahariri wa kamusi ya Oxford walihesabu maana 645 za run kama kitenzi peke yake. Nani atakariri hizo? Tatizo ni kwamba shuleni walimezeshwa kuwa run ni pǎo, na pǎo kwanza ni mbio za miguu. Kuendesha hoteli kwao ni jīngyíng, maji kutiririka ni liú, kugombea uchaguzi ni jìngxuǎn. Kiingereza kinazibeba zote kwa run.

Kwa hiyo mimi huanza na lugha yao wenyewe. Waulize dǎ ni nini, watakuambia ni kupiga. Kisha waombe wakueleze dǎ diànhuà, dǎ zhēn, dǎ hāqian. Mswahili hapo lazima ufurahi: ni piga simu, piga sindano, piga miayo, vilevile kabisa! Hakuna aliyepigwa hata mmoja, na wao hawababaiki, kwa sababu tangu utotoni kila dǎ waliisikia na mwenzake. Wakiliona hilo wenyewe, run huacha kuwatisha.

Sasa wape run ikiwa na mwenzake vilevile: run a shop, run a program, run for president. Penye uhusiano waonyeshe: mto unakwenda, mashine inakwenda, duka linakwenda na mwenyewe ndiye analiendesha. Wale wa kompyuta ni wepesi zaidi, maana wao kwa wao tayari husema pǎo chéngxù wakiwasha programu. Lakini run out of na run into usizichambue. Wazishike nzimanzima, kwa sentensi za dukani kwao: "We have run out of change."

Jingine, kama ni watu wazima mliozoeana. Mitandaoni China, hasa tangu 2022, vijana hutumia herufi rùn kumaanisha kuhama nchi, kwa sababu kwa pinyin, yaani Kichina kikiandikwa kwa herufi za Kilatini, inaandikwa run, sawa na ile ya Kiingereza. Watakutajia tu. Waambie Mwingereza akisikia "I want to run" hatawaza pasipoti. Atadhani unataka kufanya mazoezi, au unagombea.