Barua kwa mwanangu: kipuri cha bunduki ya babu yako

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Umeniuliza uagize wapi pini ya kupigia, ile inayogonga risasi ilipuke, ya bunduki ya marisau ya babu yako, ile ya mitutu miwili iliyotoka Birmingham, maana mtutu wa kushoto unagoma.

Pini hiyo hutaikuta dukani. Bunduki nyingi za Kiingereza za zama zile zilimaliziwa kwa tupa, moja moja. Nyundo ya moja, chuma kinachoisukuma pini, haikai kwenye nyingine hata kama zina jina lile lile la mtengenezaji. Kipuri chake huchongwa, na mchongaji huchukua kipimo kwenye kile kilichovunjika, kwa hiyo usitupe hata kipande. Zilizotoka kiwandani kwa wingi, kama Baikal za Urusi au Stevens za Marekani, ndizo unazoweza kuagizia kipuri kwa namba ya modeli, na hata hicho mara nyingi huhitaji kupigwa tupa kidogo.

Tena, huenda hata pini yenyewe haimo. Katika mtambo (sehemu ya kufyatulia) wa Anson na Deeley, mafundi wa Birmingham, uliobuniwa mwaka 1875 na kuigwa na karibu kila mtu, mara nyingi pini ni pua ya nyundo, chuma kimoja. Tazama uso wa mtambo, pale matako ya risasi yanapoegemea. Ukiona visahani viwili vya mviringo vyenye vitundu vya ufunguo, pini zimetengana na nyundo na hutolewa kwa mbele. Usipoviona, usimwambie fundi "pini"; mwambie akague nyundo.

Sasa itazame fataki ya risasi iliyogoma, kile kidude cha katikati ya tako lake kinachogongwa na pini. Kidonda kilichoachwa na pini kikiwa katikati lakini hakina kina, shuku uchafu kwanza: mafuta ya zamani huganda kama gundi na kuichelewesha nyundo. Fundi aoshe mtambo kabla ya kulaumu springi. Kidonda kikiwa pembeni, huenda mitutu imelegea kwenye bawaba yake, na pini mpya haitaponya hilo. Risasi ikigoma, elekeza mitutu mahali salama uhesabu sekunde 30 kabla ya kufungua. Na usifyatue mtambo mtupu kujaribu. Hivyo ndivyo pua za nyundo zinavyokatika. Tumia risasi za bandia.

Skurubu usiziguse na bisibisi ya dukani. Mifereji yake ni myembamba sana, na ikishachanika, kutoa skurubu moja kunaweza kumlia fundi siku nzima.

Kinachonitia hofu zaidi ni chemba, sehemu ya mtutu inamokaa risasi. Nyingi za umri huo ni za milimita 65, na risasi nyingi za siku hizi ni za 70. Urefu huo ni wa ganda lililokwisha kufunguka. Kabla ya kulipuka ni fupi, kwa hiyo itaingia na mtambo utafunga vizuri kabisa. Ikilipuka, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda. Kama chini ya mitutu hakuna muhuri wa NP au BNP yenye taji wala maneno NITRO PROOF, alama za kujaribiwa kwa baruti ya kisasa, ichukulie kuwa ilijaribiwa kwa baruti nyeusi tu, na risasi za kisasa usiitie kabisa.

Leseni iwe imeshahamishiwa jina lako kabla hujaipeleka kwa fundi, naye awe mwenye leseni ya kazi hiyo. Kwa sasa nitumie picha ya mihuri iliyo chini ya mitutu, ukiwa umetoa risasi zote.

Baba yako